Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kupima Maandalizi ya Wanafunzi kwa Chuo Kikuu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zilikwenda kwenye swali moja: tutapimaje jinsi shule zetu za sekondari zinavyoandaa kila kundi la wanafunzi kwa chuo kikuu? Habari za fedha mtazisoma kwa mweka hazina.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Sharti la chini la kuingia chuo kikuu kwa cheti cha UACE, yaani cha kumaliza kidato cha 6 hapa Uganda, ni kufaulu masomo makuu (si yale ya ziada) mawili katika mtihani wa mwaka uleule. Kinachopotosha ni idadi tunayogawanyia. Tuseme shule imepokea wanafunzi 50 kidato cha 5, 40 wakaketi mtihani, 36 wakatimiza sharti. Bango la langoni litatangaza asilimia 90. Sisi tunaandika 72, maana wale 10 walioishia njiani ndio tunaowatafuta: aliyekosa ada ya usajili, aliyepata mimba, aliyesukumwa kituo kingine cha mtihani asije akashusha wastani. Mwenye barua ya uhamisho iliyothibitishwa na shule mpya anaondolewa kwenye hesabu. Asiye na barua anabaki.

Baada ya hapo ndipo tunatenganisha: wasichana na wavulana, bweni na kutwa, wenye ulemavu, wakimbizi. Kundi lisilofika watu 10 lisipewe asilimia. Katika kundi la watano, mmoja akifeli tayari asilimia 20 imeanguka. Unganisheni hesabu za miaka mitatu.

Ile nyongeza ya alama 1.5 kwa wasichana, iliyoanza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1990, isiguswe kabisa katika hesabu hii. Hutolewa wakati wa udahili. Ukiichanganya humu, pengo linapungua kwenye karatasi na darasani liko palepale.

Kazi ngumu kuliko zote ni kutenga mchango wa shule na uwezo ambao mwanafunzi alikuja nao. Shule inayochuja waliofanya vizuri kidato cha 4 haina ajabu ikifaulisha, kwa hiyo kila mwanafunzi alinganishwe na wenzake walioingia na matokeo kama yake. Hapa kuna mtego. Kidato cha 6 cha 2026 ndicho cha kwanza kutoka mtaala mpya, ambao matokeo yake ya UCE (mtihani wa kidato cha 4) ya 2024 yalitolewa kwa herufi A hadi E, bila jumla ya alama tuliyoizoea. Msibuni jedwali la kugeuza herufi kuwa alama za zamani. Wapangeni wanafunzi wa mwaka huohuo katika mafungu matatu, juu, kati na chini. Na anayetaka kuwafuatilia tangu kidato cha 1 afungue rejista ya 2020, si ya 2021: kufungwa kwa shule wakati wa korona kuliwaongezea mwaka mzima.

Walimu wa taaluma walete nakala za rejista za kidato cha 5, si orodha za watahiniwa. Orodha peke yake tutairudisha.

Mwenyekiti