Taarifa ya mwenyekiti mwaka 2021: hela ya jiki imeenda wapi

Wanachama wenzangu wa Mwaloni, soko letu la samaki na dagaa hapa Kirumba, Mwanza, poleni na kazi. Mapato na matumizi atasoma mweka hazina mwenyewe, mi naanza na hili la jiki maana ndo nimeulizwa kuliko hata mikopo.

Mwaka jana tulikuwa tunafuta meza na mizani kwa jiki asubuhi na jioni kujikinga na korona, mwaka huu kamati ikasitisha, basi maneno yakaanza, oh wataalam wenyewe hawaeleweki, leo hivi kesho vile. Sikilizeni. Machi 2020 watafiti Marekani walipima maabara wakakuta kirusi cha korona kinaweza kukaa kwenye plastiki mpaka masaa 72, sasa hapo nani angekwambia usifute? Ila ile ni maabara, hakuna jua la Kirumba wala upepo wa ziwani. Baadae walipofuatilia wagonjwa wanaupatia wapi ugonjwa ikaonekana shida kubwa ni hewa tunayovuta tukiwa tumejifungia pamoja, na Aprili 2021 CDC, kile kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wakasema ukigusa kitu chenye kirusi uwezekano wa kuupata kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 10,000.

Barakoa nazo hivyo hivyo. WHO, Shirika la Afya Duniani, mwanzoni walisema asiyeumwa hana haja nayo, tarehe 5 Juni 2020 wakasema vaeni hata za kitambaa penye msongamano, kwa sababu ilishaonekana mtu anaambukiza hata kabla hajaanza kukohoa. Mwanzoni walikuwa pia wanahofia barakoa za hospitali zitaisha, na hilo mi naona wangelikazia zaidi toka mwanzo, hapo siwatetei.

Lakini jamani, sisi wenyewe si tulianika dagaa mchangani miaka na miaka, tukaja kuambiwa tutumie vichanja, tukaona dagaa hawana mchanga na bei imepanda, kuna aliyemwita mtu mwongo?

Kwahiyo hela ya jiki tumemlipa fundi akafungua lile dirisha la ofisi la upande wa ziwa lililokuwa limepigiliwa misumari, na vikao vya kamati tunakaa nje chini ya turubai. Ndoo za maji na sabuni zinabaki, msiziguse, kipindupindu hakijatuaga.

Chanjo ni hiari, ambaye hajachanja na anataka aende kituo cha afya, maswali aulize kule sio kwa wapiga debe.

Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi, fomu ziko kwa katibu.