Kwa wachungaji vijana mliochukua fomu za ubunge

Wanangu katika Bwana,

Nasikia baadhi yenu mmeshachukua fomu, na wengine mnaulizana pembeni baada ya ibada kama ni halali mtu wa madhabahuni kuomba kura. Mimi siwakatazi. Naomba tu, kabla hamjatundika mabango, mmjue Owen Lovejoy, mchungaji wa Illinois huko Marekani.

Kaka yake Elijah, mchungaji pia, alikuwa mhariri wa gazeti lililopinga utumwa mjini Alton. Wahuni walimvunjia mitambo ya kuchapia, akaagiza mwingine, na usiku wa Novemba 7, 1837 wakampiga risasi akiulinda. Owen, kijana wa miaka 26, aliapa mbele ya maiti kwamba hataiacha kazi iliyonyunyiziwa damu ile. Wengi wetu huapa makubwa msibani, matanga yakianuliwa tukasahau. Yeye alikwenda Princeton, hukohuko Illinois, akapewa kanisa, akalihudumia hadi miaka ya 1850.

Pale nyumbani kwake ndipo ninapotaka mtue. Watu waliotoroka utumwa walibisha hodi usiku, wakafunguliwa, wakalishwa, wakasindikizwa kuelekea kaskazini. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mkewe Eunice, mjane aliyemwoa mwaka 1843, kwa hiyo wake zenu nao waulizwe mapema, maana mzigo wa wageni wa usiku wa manane huwaangukia wao. Mwaka huohuo Owen alishitakiwa kwa kuwahifadhi wanawake wawili, Agnes na Nancy. Akaachiwa: upande wake ulisema bwana akimleta mtumwa kwa hiari yake katika ardhi huru ya Illinois, hana tena haki juu yake.

Aligombea ubunge na Liberty, chama kidogo cha wapinga utumwa, akashindwa. Hakufunga mlango. Aliingia Bunge la Marekani mwaka 1857, na Februari 1859, wenzake walipomwita mwizi wa watumwa, hakujitetea. Alitaja anwani yake! Owen Lovejoy anakaa Princeton, Illinois, robo tatu ya maili mashariki ya kijiji, na humsaidia kila mtoro anayefika mlangoni akiomba. Kumbukeni sheria ya 1850 kuhusu watumwa watoro ilimtoza mtu wa namna hiyo faini hadi dola 1,000 na kifungo hadi miezi sita. Hayo aliyasema bungeni, yakiandikwa.

Tena hakuwa mtu wa kususa. Rais Lincoln alipolaumiwa na wapinga utumwa kwamba anakwenda polepole, Owen alibaki naye, huku akisukuma mswada wa kupiga marufuku utumwa katika maeneo yaliyokuwa bado hayajawa majimbo. Lincoln aliutia saini Juni 19, 1862. Owen akafa Machi 25, 1864, miezi kumi kabla ya Bunge lake kupitisha badiliko la katiba la kuukomesha utumwa nchi nzima.

Basi, wanangu, msinitumie vipeperushi. Nitakuja mwenyewe kuwatembelea. Nikishuka stendi nitauliza njia kwa mama anayeuza mboga, kwa binti aliyefukuzwa kazi za ndani bila mshahara, kwa kijana aliyenyang'anywa shamba la marehemu baba yake. Nataka wao ndio wanielekeze kwenu, kwa sababu walishawahi kubisha hodi.