Hatukuingia Taj Mahal, lakini mji mzima unajua tuliingia

Assalamu alaykum ndugu mshauri, na nyinyi wasomaji wenzangu.

Isha imeshaswaliwa. Mume wangu yuko barazani Mkunguni, hapa Lamu, mimi niko nyumbani naandika, na naweza kukwambieni amefika wapi katika hadithi yake. Pengine sasa yuko ndani ya kuba, anawaonyesha wazee kwa mikono vile mwanga unavyopenya kwenye marumaru iliyotobolewa kama kimia: kaburi la Mumtaz Mahal liko katikati sawasawa, la mumewe Shah Jahan, mfalme aliyelijenga jumba hilo, liko kando, kwa sababu yeye alizikwa baadaye. Yote hayo ni kweli. Ila mume wangu hakuyaona, wala mimi. Tulikwenda India siku 17, tukafika mpaka Agra, na Taj Mahal hatukuingia.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Mume wangu anatembeza wageni: anawapeleka magofu ya Takwa kwa mashua, anawapitisha vichochoro vya Mkomani akiwaeleza milango ya nakshi na zidaka. Tangu utotoni tumewaona wazungu wa shanta wakishuka gatini wawili wawili, mume na mke, jasho linawatiririka, wanauliza bei ya chumba loji tatu kabla ya kuchagua moja. Sisi tulikuwa tukiwacheka. Mtu ana nauli ya ndege kutoka Ulaya, anakubishia shilingi mia mbili! Yeye hakuwa akicheka. Alikuwa akiwauliza wametoka wapi, wanakwenda wapi, wamelala kwa bei gani. Tulipooana akaniahidi kwamba siku moja sisi nasi tutashuka kwenye gati la watu, na shanta zetu mgongoni.

Tukaweka akiba miaka miwili na nusu. Zamu yangu ya chama iliingia yote humo, na pesa zake za msimu wa wageni. India tuliichagua kwa kuwa viza yake inaombwa kwa intaneti, treni ni rahisi, na kwetu sisi watu wa pwani hiyo si nchi ngeni kiasi hicho. Nusu ya tunavyovipika vilitoka huko. Mama mkwe hakupenda. "Pesa ya ndege mnayo, si mwende umra?" alisema, na mpaka leo hajachoka kusema. Hilo linataka barua yake peke yake.

Sitaki mdhani safari ilikuwa mbaya. Mumbai tulikwenda Haji Ali, kaburi la walii na msikiti wake vilivyojengwa ndani ya bahari, na njia ya kuendea hufunikwa na maji yakijaa. Watu walikuwa wamesimama pwani wanatazama saa zao. Mume wangu aliyatazama maji tu, akasema, "Yanakupwa haya, twende taratibu." Kweli, tulipofika mwanzo wa njia ilikuwa imeshatoka. Siku ile nilijiona nimeolewa.

Kutoka hapo tulipanda treni hadi Jaipur, vitanda vya ghorofa tatu, mimi cha juu kabisa, pua yangu karibu na dari na shanta nimeifanya mto. Wauza chai walipita wakiita mpaka nikawaota. Jaipur tumbo likanishika. Siku mbili mume wangu alibeba shanta zote mbili, moja mgongoni moja kifuani, na akazunguka kunitafutia wali mweupe na mtindi. Hili nalitaja makusudi. Msije mkanishauri kama kwamba nimeolewa na mtu mbaya.

Nilipopata nafuu tulikwenda kuliona Hawa Mahal, jumba lililojengwa mwaka 1799 lenye vidirisha 953, ili wanawake wa mfalme wauone mji bila ya mji kuwaona. Nilicheka peke yangu. Nilikumbuka wikio zetu, vile vivuko vya juu ya vichochoro, na mama zetu wa zamani waliokuwa wakivuka nyumba hadi nyumba juu ya vichwa vya wapita njia. Nilitaka nipande, nichungulie nione walichokuwa wakikiona. Mume wangu alikuwa ameshapiga picha ya mbele na amevaa shanta. Hapo ndipo nilipoanza kuugundua ugonjwa wake. Alikuwa na orodha aliyoipata kwa wageni wake wa miaka yote, na kila mahali alikuwa akipafuta kama mtu anayelipa madeni.

Ajmer haikuwemo katika orodha. Nilimng'ang'ania mpaka akanipa mchana mmoja. Huko ndiko alikozikwa walii Khwaja Moinuddin Chishti, aliyefariki mwaka 1236, na uani pana masufuria mawili ya kutisha, kubwa likiwa limetolewa na mfalme Akbar, ambayo hupikiwa wali mtamu ukagawiwa kila aliyekuja, mwenye dini hii na mwenye dini ile. Nilikaa chini nikasikiliza qawali, zile nyimbo zao za dini. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye hatukuwa na lugha moja, akanikumbatia tu. Ningeweza kukaa pale siku tatu. Saa tisa mume wangu akanionyesha saa yake.

Delhi tuliipita mbio. Msikiti wa Ijumaa wa Shah Jahan, mnara wa Qutb wenye mita kama 73, na miguu kuvimba.

Sasa Agra. Taj Mahal hufungwa kila Ijumaa. Mume wangu alilijua hilo, simsingizii, ndiyo maana alipanga tufike Alhamisi asubuhi. Asichokijua ni ukungu. Januari, kaskazini mwa India, ukungu hushuka mpaka treni zinatambaa kama kobe. Treni iliyokuwa itufikishe kabla ya adhuhuri ilitufikisha jua limeshatua, na jua likitua lango hufungwa. Ijumaa asubuhi tukaenda hivyo hivyo kujaribu bahati. Mume wangu akamwambia askari kwamba sisi ni Waislamu, tumekuja kuswali, kwa kuwa pale pana msikiti na Ijumaa hufunguliwa kwa swala. Askari akauliza kitambulisho cha mkazi wa Agra. Swala ile ni ya wakazi tu. Tiketi yetu ya kurudi Mumbai ilikuwa ya usiku uleule, kuibadilisha ni kuingia katika orodha ya wanaongoja nafasi, na ndege haimngoji mtu.

Basi tukaenda kwenye ngome nyekundu ya Agra, ile aliyoijenga Akbar. Humo ndimo Shah Jahan alimofungwa na mwanawe Aurangzeb kuanzia mwaka 1658 hadi alipofariki mwaka 1666. Mzee alijenga kaburi lililosifiwa na dunia nzima, kisha akaishia kulitazama kutoka dirishani. Tulifika pale ukutani hatuoni kitu. Kiasi cha saa tano ukungu ukaanza kuinuka, na ng'ambo ya kona ya mto Yamuna likatokea, jeupe, kana kwamba halina msingi. Nililia. Nilifikiri kwamba miaka minane mtu yule aliliona hivi hivi ninavyoliona mimi, kwa mbali, na mkewe yumo ndani. Kwangu ilitosha, wallahi. Mpaka leo naamini hadithi ya kutoingia ni nzuri kuliko ya kuingia.

Mume wangu alikuwa ameketi chini, ameligeuzia mgongo.

Tuliporudi Lamu, tulikuwa hata hatujapanda ngazi za gati, rafiki yake mmoja akapaza sauti: "Eeh, Taj mliingia?" Naye akajibu, "Tuliingia." Mimi nimesimama nyuma yake, shanta begani, nikanyamaza. Nilidhani ni neno la gatini na litabaki gatini.

Halikubaki. Kila usiku lilirefuka. Alitazama video, akajua mpaka idadi ya minara na kwa nini imeegemezwa nje kidogo. Kijana mmoja akamuuliza mbona hana picha za ndani. Akamjibu kwamba ndani ya kaburi picha ni marufuku, na hilo ni kweli tupu. Ukweli huo ndio uliomwokoa! Picha ya ngomeni akasema ni ya "siku ya pili".

Na mimi si msafi. Harusini, mtaa wa Langoni, wanawake waliniweka kati, Taj vipi, Taj vipi, nikasikia ulimi wangu unasema kwamba marumaru yake ni baridi sana miguuni. Sijui lilinitoka wapi. Alikuwepo dada mmoja aliyempeleka babake India kwa matibabu ya moyo, na babake alipopata nafuu walikwenda kutembea Agra. Akaniuliza polepole, "Miguuni? Nyinyi hamkupewa zile soksi za kuvalia juu ya viatu? Sisi wageni tulipewa, zimo ndani ya tiketi." Nikasema mimi nilivua. Akanitazama. Kisha akanisogezea sahani ya sambusa. Tangu siku hiyo tukikutana Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ananisalimu kwa adabu mno, na adabu ile inanichoma kuliko matusi.

Ingekuwa ni porojo za barazani tu nisingewasumbua. Watu wetu wametia chumvi safari tangu enzi za majahazi, na nani aliwahi kumdai nahodha ushahidi? Lakini sasa mume wangu anapanga kuwapeleka watu. Jozi nne za mume na mke, Desemba hii, Mumbai mpaka Agra. Amepokea shilingi 20,000 kwa kila jozi, na jozi mojawapo ni shangazi yangu na mumewe, watu wazima ambao hawajawahi kuvuka Mombasa. Leseni ya kusafirisha watu hana. Wanampa kwa sababu "ameshaingia."

Nimemwambia. Si mara moja. Ananijibu kwa utulivu unaoniudhi: "Bibi, wao wananilipa nijue treni, vyumba, sindano ya homa ya manjano, na siku ya kufungwa. Hayo nayajua au siyajui? Hawayalipii macho yangu." Na kusema kweli, anayajua. Safari hii amepanga Agra siku mbili, Jumamosi na Jumapili, ukungu ukija una pa kupita. Naamini atawafikisha na atawarudisha. Ndiyo maana sipati usingizi. Angekuwa tapeli kamili ningejua la kufanya.

Nilimuuliza mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, nikasema ni habari ya jirani. Akanikumbusha kwamba mume na mke ni vazi la mwenziwe, na kazi ya vazi ni kusitiri. Nikarudi nyumbani nimepoa. Usiku nikakumbuka kwamba mwalimu huyo huyo alitufundisha tukiwa wadogo kuwa anayetughushi si katika sisi. Sasa nikimsitiri yeye, nimemvua shangazi. Nikimsitiri shangazi, nimemvua mume wangu mbele ya mji ambao riziki yake yote ni kuaminiwa: mgeni akishuka gatini, anaambiwa "mfuate huyu, mkweli."

Nilifikiria pia kumpa njia ya kutokea: aseme mwenyewe, kwa mzaha, aisimulie hadithi ya ukungu na ya askari na ya mzee aliyefungwa ngomeni. Naapa wazee wangecheka na wangemsamehe kabla kahawa haijapoa. Nilipomwambia hivyo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Unajua niliweka akiba miaka mingapi niingie mle?" Nilitaka kumjibu kwamba tuliweka wote. Sikuweza, kwa sababu nilimwona uso.

Ndugu mshauri, Jumamosi ijayo wote wanane wanakuja kwetu kwa kahawa na halua. Wanaume watakaa ukumbini na yeye, kumalizia malipo ya pili. Wanawake watakaa ndani na mimi, na mume wangu ameniomba niwaeleze habari za mle ndani ya kaburi, maana, anasema, mimi naeleza vizuri zaidi. Shangazi ataketi karibu yangu kabisa, kwa kuwa sikio lake moja halisikii. Niwaambie nini?

Mimi mwenye shanta,
Mkomani, Lamu