Babu alipakiwa kwenye ndege, jina lake halikuandikwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenzangu ambao babu zao walikuwa Keya, yaani askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza (King's African Rifles). Fungueni masanduku ya wazee kabla mchwa hawajayafungua.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Babu yangu mzaa baba, mtu wa Songea, alipigana Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walishuka Bonde la Kabaw mvua zikiwa zimepamba moto, na Desemba wakavuka mto Chindwin. Huko akapigwa paja na kipande cha kombora. Walimpakia kwenye ndege aina ya Dakota akiwa juu ya machela, akakamata mkanda kwa mikono miwili. Ilipotua India alikuwa bado ameushika, mpaka muuguzi akamfumbua vidole, kimoja kimoja. Kisa hicho nilikisikia nikiwa mdogo, na ndicho kilichonipeleka kusomea uuguzi.

Baada ya kustaafu nikaamua kumtafuta kwenye maandishi. Mpwa wangu alinikalisha mbele ya kompyuta, tukaingia kwenye katalogi ya Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, London. Kumbe hazina ile imepangwa vizuri sana. Shajara za vikosi vya ndege ziko kwenye fungu liitwalo AIR 27, zimepigwa picha, na unaweza kuzipakua ukilipia. Hospitali za jeshi la anga zimo ndani ya AIR 29, na shajara za idara ya tiba ya jeshi la nchi kavu ni WO 177. AIR 81 ndiyo iliyonishika zaidi: humo mna majalada ya wanaanga waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, na ndani yake unaweza kukuta hata barua walizoandikiana wakubwa wa jeshi na familia za wanaanga hao.

Sasa soma ukurasa wa safari za kikosi cha Dakota. Utaona jina la rubani, majina ya wenzake, saa ya kuruka, saa ya kutua. Halafu mzigo: mchele, risasi, majeruhi, na idadi yake. Babu yangu yumo ndani ya tarakimu mojawapo. Nilifanya kazi wodini miaka mingi, na hatukuwahi kumpokea mgonjwa bila kumwandika jina, hata aliyeletwa hana fahamu tulimwandikia alama yake. Niliumia.

Na kwa kuwa alirudi akiwa hai, hayumo hata kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, maana ile ni ya waliokufa. Tena kufa nako hakukuwahakikishia wote jina. Pale Barabara ya Bagamoyo, makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyohamishwa kutoka Ocean Road mwaka 1968, Waafrika ambao makaburi yao hayakuwa na alama ya mmoja mmoja walizikwa upya kwa pamoja.

Kilichobaki ni vitu vya nyumbani. Nyota ya Burma tunayo, lakini nishani zile zilitolewa bila kuchongwa jina. Tuna pia cheti chake cha kuachishwa jeshi, na mchwa wamekula katikati ya nambari yake ya jeshi. Nilikiweka dirishani asubuhi, mwanga ukikipiga kwa ubavu, nikaona alama ya kalamu ya risasi ambayo sikuwahi kuiona: tarakimu mbili zaidi. Bado mbili. Majina ya askari wetu yanafanana mno, na bila nambari hiyo hakuna anayeweza kukutafutia kwa uhakika.

Kitabu chake cha malipo kingetusaidia. Baba alikiacha katika ofisi moja alipokuwa anafuatilia mafao ya mzee, hakikurudi. Ndiyo maana familia nyingi zinaficha karatasi hizi, na siwalaumu. Ombi langu kwa Idara yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, pale Upanga, ni hili: watenge siku, familia zije na vyeti vyao, vipigwe picha mbele ya macho yao, warudi navyo nyumbani siku hiyohiyo. Nambari, jina, kijiji na kikosi viingizwe kwenye daftari moja linaloweza kusomwa na yeyote.

Wakati tunasubiri, andika nambari ya mzee wako kwenye daftari lako, mpe na ndugu yako mwingine. Na kama nyumbani kwenu kuna picha au barua ya askari wa Songea aliyelazwa hospitali India mwishoni mwa 1944, tafadhali mwandikie mhariri. Natafuta tarakimu mbili.

Muuguzi mstaafu,
Mtoni kwa Azizi Ali, Dar es Salaam