Wapimeni damu watoto wa Dandora

Mhariri,

Ripoti yenu ya wiki jana kuhusu jaa la taka la Dandora, hapa Nairobi, imenikera, mimi ambaye nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia lolote. Mwandishi wenu alieleza uvundo, moshi na ndege aina ya korongo, akamnukuu afisa wa kaunti akiahidi kwamba jaa litapangwa vizuri. Kuhusu madini ya risasi hakuandika hata neno.

Uvundo tuliuzoea zamani. Kinachotumaliza hakinuki. Mwaka 2007, UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambao makao yao yako papa hapa Nairobi, mtaa wa Gigiri, walitoa matokeo ya kuchunguza afya ya watoto 328 wa karibu na jaa. Nusu ya waliopimwa damu walikutwa na risasi ya mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita, kiwango kilichohesabiwa kuwa cha sumu wakati huo. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Inatoka kwenye betri, rangi na vifaa vya umeme, inabaki kwenye udongo, mtoto anauchezea kisha anatia mkono mdomoni. Ubongo unaumia polepole. Mwalimu anaona mtoto hashiki masomo, anamwita mvivu, na mzazi anaamini.

Mjukuu wangu alichomwa na sindano akitoka shule. Ilipenya ndala ikaingia unyayoni, sindano ya hospitali yenye bomba lake, na ndani damu imekauka. Nilimkimbiza zahanati, nikaulizwa kama najua ilimdunga nani kabla yake. Ningejuaje? Akaandikiwa dawa za kuzuia virusi, akazimeza mwezi mzima huku akitapika kila asubuhi na kuniuliza amekosa nini. Namshukuru Mungu vipimo vilitoka salama. Lakini nilirudi kwenye ile njia, nikakuta mfuko wa manjano wa taka za hospitali umepasuka, na watoto wadogo kuliko yeye wakichambua vichupa wakauze. Taka hizo zinatakiwa ziharibiwe kwa njia maalumu, kama kuchomwa kwenye tanuri la moto mkali, na mwenye kuzizalisha ndiye anayepaswa kuhakikisha. Mtu mwenye elimu, mwenye koti jeupe, alizifunga akijua zinakwenda wapi! Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu wachukuzi wa taka huenda hawakufundishwa, lakini yeye alifundishwa.

Na wanaoishi mbali wasidhani wamepona. Mto Nairobi unapita ubavuni mwa jaa, mvua ikinyesha maji meusi yanateremka humo, na huko chini watu wanamwagilia sukuma wiki ambazo zinauzwa sokoni kama mboga nyingine. Nguruwe wanalishwa humo humo jaani. Nani anakagua nyama hiyo? Sijawahi kumwona.

Jaa lilifunguliwa 1975, likatangazwa kujaa 2001. Julai 2021 mahakama iliamuru lihamishwe ndani ya miezi sita. Malori yanaingia hadi leo. Agosti 2024 jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, wengine wakiwa majumbani mwao, na hapa tulisikitika siku mbili.

Ninachotaka ni hiki. Kila Januari, kabla masomo hayajashika kasi, kila mtoto anayeingia gredi ya kwanza katika shule za Dandora na mtaa jirani wa Korogocho apimwe risasi kwenye damu, bila malipo, na mzazi apewe karatasi yenye nambari iliyoandikwa kwa wino, si kuambiwa "yuko sawa". Jumla ya matokeo ibandikwe kwenye lango la shule. Mtoto aliyekutwa na risasi nyingi atibiwe kwa pesa za kaunti, maana taka ni za jiji lote.

Mwandishi wenu akirudi kwa afisa yule, amuulize ni mwaka gani kaunti iliwapima damu watoto wetu mara ya mwisho, na matokeo yako wapi.

Nyanya,
Dandora Phase 4, Nairobi