Barua kutoka Brisbane: wabunge saba, wizara zote

Ndugu yangu Mwalimu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale unaponieleza kwamba wanafunzi wako wa somo la uraia walikuuliza Waziri Kivuli, yaani mbunge wa upinzani anayepangiwa kumfuatilia waziri fulani, ana kazi gani ilhali hana wizara wala bajeti, na kwamba mmoja wao alishikilia kuwa wapinzani wakiwa wachache hakuna haja ya kuunda baraza kivuli. Nimeona nikujibu kwa kisa nilichokishuhudia hapa Queensland, jimbo la Australia ambalo Brisbane ni mji wake mkuu, kwa sababu bado kinanigusa.

Tarehe 24 Machi 2012 chama cha Labor, kilichokuwa kikiongoza jimbo hili, kilishindwa vibaya sana. Kati ya viti 89 vya bunge la jimbo, chama cha LNP (Liberal National Party) chini ya Campbell Newman kilipata 78, na Labor ikabakiwa na 7. Anna Bligh, aliyekuwa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo (naazima cheo cha Zanzibar ya zamani, maana ndicho kinachokaribia zaidi), akajiuzulu. Mjini watu walikuwa wakisema kwamba upinzani mzima unaenea ndani ya gari moja la Toyota Tarago. Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa zaidi ya robo ya wapiga kura waliichagua Labor, lakini kutokana na jinsi kura zilivyotawanyika katika maeneo ya uchaguzi, viti vyake havikufika hata asilimia 8. Kumbuka pia kwamba Queensland ilifuta baraza lake la juu mwaka 1922, na ndilo jimbo pekee la Australia lenye bunge la baraza moja. Muswada ukishapita pale, umepita. Hakuna mahali pengine pa kuuzuia.

Kwa kawaida chama kilihitaji wabunge kumi ili kitambuliwe rasmi bungeni. Hata hivyo, serikali mpya iliridhia Labor ipewe ofisi na wasaidizi wa upinzani rasmi, na kwa hilo naipongeza. Annastacia Palaszczuk, mbunge wa Inala, akashika uongozi. Mbele yake palikuwa na mawaziri 19, na yeye alikuwa na watu sita tu wa kugawana nao kazi. Angeweza kuchagua wizara kubwa tatu au nne na kuziacha nyingine. Hakufanya hivyo. Kila wizara ilipata mtu wa kuifuatilia, hata kama mtu huyo tayari alikuwa amebeba nyingine mbili au tatu.

Siku moja nilikwenda bungeni, barabara ya George, nikaketi kwenye jukwaa la wageni wakati wa kipindi cha maswali. Wabunge wa serikali walikuwa wengi kiasi kwamba walijaza upande wao, na wengine wakakaa hata upande ambao kwa desturi ni wa wapinzani. Nilimtazama mbunge mmoja wa upinzani akisimama na kuuliza swali. Alipoketi alilifunga jalada lake, akaliweka sakafuni karibu na mguu wa kiti, akafungua jingine lenye karatasi zilizokunjwa pembe, akaanza kupitisha kalamu chini ya mistari. Baadaye akasimama tena kumuuliza waziri mwingine kabisa. Waziri aliyeulizwa alijibu kwa kirefu, tena kwa uangalifu, akijua kwamba kuna mtu aliyesoma makaratasi yake. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya Waziri Kivuli, na ndilo jibu ninaloomba uwapelekee vijana wako: kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna waziri anayelala usingizi akiamini kuwa hakuna anayemfuatilia.

Sitaki uwaeleze kwamba mambo yalikuwa mepesi. Mtu mmoja hawezi kuzijua wizara tatu kwa undani, na naamini yapo mengi yaliyopita bila kuulizwa. Lakini serikali ilipotangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 14,000 katika utumishi wa umma, watumishi walikuwa na mlango wa kubisha, na kila mmoja alijua amwandikie nani. Mwaka 2014 chaguzi ndogo mbili, Redcliffe mwezi Februari na Stafford mwezi Julai, ziliongeza wabunge wawili, wakawa tisa.

Tarehe 31 Januari 2015 Labor ilipata viti 44, na kwa kuungwa mkono na mbunge huru Peter Wellington ikaunda serikali. Newman alipoteza hata kiti chake cha Ashgrove. Zilikuwapo sababu nyingi, kubwa mojawapo ikiwa hasira ya wananchi kuhusu mpango wa kukodisha mali za umma kwa muda mrefu. Hata hivyo, watano kati ya wale saba waliingia katika baraza jipya la mawaziri: Palaszczuk akawa Waziri Kiongozi, na Curtis Pitt, aliyekuwa Waziri Kivuli wa Fedha, akakabidhiwa hazina ya jimbo. Hakuna aliyehitaji kumfundisha wapi pa kuanzia.

Kwetu Tanzania, kanuni inataka upinzani uwe na asilimia 12.5 ya wabunge ndipo Kambi Rasmi ya Upinzani itambuliwe. Kwa kipimo hicho, wale saba wasingetambuliwa. Waulize wanafunzi wako wanaonaje, kisha uniandikie majibu yao kama walivyoyasema, bila kuyasafisha.

Uchaguzi wa Oktoba 2024 uliirudisha Labor upinzani, safari hii ikiwa imepata viti 36 kati ya 93. Kamati zitakapokaa kuwahoji mawaziri juu ya bajeti, nitaomba ruhusa kazini niende kusikiliza, nami nitakuandikia nitakayoyaona.

Wako daima,
Nduguyo wa Brisbane