Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka huu

Bwana asifiwe wapendwa walimu wenzangu na wanachama wote. Mambo ya pesa mweka hazina atayaeleza vizuri kuliko mimi, hesabu zimekaguliwa, na madeni ya rangi na karatasi tumeshamaliza, tumshukuru Mungu. Mi nataka muda wangu mwingi niutumie kwa jambo moja, nalo ni yule binti wa mwaka wa mwisho hapa shuleni kwetu pa sanaa, manake kwa kweli mwaka huu yeye ndo ametufundisha sisi.

Wengi mnamfahamu. Alikuja hajui kuchora mkono. Na mkono ndo mtihani wenyewe, vidole vikinyooshwa kumwelekea mtazamaji vinaonekana vifupi, macho yanakubali lakini akili inakataa, inataka kuchora urefu inaoujua yenyewe. Sasa kazi ya kuhitimu akachagua Yesu akiwaosha wanafunzi miguu, Yohana 13, yaani picha nzima ni mikono na miguu! Walimu wawili walimshauri kwa upendo tu achukue mandhari, akawashukuru akaendelea na yake. Akawa anakaa jikoni pa shule na mkaa wa kuchorea na daftari lake anachora mikono ya wanaoosha vyombo, haifuti michoro mibaya, anaiacha na pembeni anaandika kilichokosewa, kisha anageuza ukurasa.

Halafu ikaja ile ya nyufa. Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka, mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake yanashikana na hewa taratibu na kugeuka utando mgumu, ndo maana tunasema tabaka la chini liwe na mafuta kidogo na la juu liwe na mengi zaidi. Yeye aligeuza. La juu likawahi kukauka, la chini bado linasogea, picha ikapasuka usoni mwa Petro miezi michache tu kabla ya kukabidhi. Hakulia mbele yetu, japo macho yalisema. Aliikwangua yote, akapaka msingi upya, na wiki ileile akaomba awaeleze wa mwaka wa kwanza kwa nini ilipasuka. Somo lile walilishika kuliko nilivyowahi kuona likishikwa.

Kuna siku alituletea habari za Henry Ossawa Tanner, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1859, baba yake askofu wa kanisa la Kimethodisti la Waafrika, akaenda Paris 1891 kwa sababu kwao rangi ya ngozi ilimfungia milango. Mwaka 1898 akachora Malaika Gabrieli akimjia Mariamu, na malaika hana mabawa, ni mwanga tu uliosimama, na Mariamu ni msichana wa kawaida kitandani, shuka zimevurugika. Binti akatuuliza, je hapa nani angempa maksi? Tulinyamaza, kisha tukabishana mpaka kengele ya chakula, na ubishi ule mimi naupenda mpaka leo.

Matokeo yake mmeyaona wenyewe. Walimu waliokuwa hawajashika penseli yao binafsi kwa miaka sasa wanabaki baada ya vipindi wanachora pamoja na wanafunzi, mwalimu wa uchongaji kaanza tena kuchonga, na maombi ya asubuhi tunayafanya palepale karakana. Tumezoea kumsoma Bezaleli wa Kutoka 31, fundi wa hema la kukutania, tukiishia kwenye dhahabu, fedha na kuchonga miti, lakini sura ya 35 inaongeza kwamba Mungu alimtia pia moyo wa kufundisha, yeye na Oholiabu. Kipaji na kufundisha vilikuja pamoja, na kazi ile ilikuwa ya kurudiwarudiwa, mapazia, vifungo, vikuku, kitu kimoja mara nyingi.

Kwa hiyo kamati inapendekeza, na hili mtalipigia kura leo, kwamba kuanzia muhula ujao daftari la michoro lipewe maksi sawa na picha iliyomalizika, pamoja na kurasa mbaya zote zilizomo. Wapo wanaoona itawabeba wavivu, hoja yao nimeisikia na naiheshimu, ila mvivu hana kurasa. Madaftari ya binti yapo meza ya nyuma kwa ruhusa yake, yapitieni kabla ya kura. Mwalimu wa historia ya sanaa ndo atafungua mjadala, karibu mwalimu.